Kuhamia Kwenye Kosta Pamoja na Familia: Mwongozo wa Kuanzia kwa Mkazi wa Tanga

Wengi wanaoniuliza namna ya kuhamishia familia ndani ya gari huanza na gari lenyewe: kosta ipi, ya mwaka gani, yenye injini gani. Mimi huwarudisha nyuma hatua moja na kuwauliza gari hilo litalala wapi. Familia yangu ni ya watu watano, yaani mimi, mke wangu na watoto watatu, na tulihamia kwenye kosta iliyogeuzwa nyumba tukiwa hapa hapa Tanga. Tulihangaikia mambo mengi kabla ya kuhama, yakiwamo rangi ya makabati na aina ya godoro, lakini hakuna lililotufaa kama kipande cha ardhi chenye bomba la maji, choo cha shimo na uzio wa michongoma, nje kidogo ya mji, upande wa Mabokweni.

Maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu maisha haya yametoka Marekani, na ni muhimu kuelewa kwa nini hayahamishiki yalivyo. Huko msafiri hukuta viwanja vilivyoandaliwa kwa ajili ya magari ya kuishi, ambapo huegesha, akaunganisha bomba la maji safi, akachomeka waya wa umeme na kumwaga maji machafu kwenye shimo lililojengwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, Wamarekani wanaoishi garini mwaka mzima bado hulazimika kuwa na anwani ya kudumu, na wengi huichagua katika majimbo ya South Dakota, Texas au Florida kwa sababu za kodi na usajili wa magari. Ikiwa anayezungukwa na huduma zote hizo bado anahitaji mahali pa kuitwa kwao, sisi ambao huduma hizo hatuzikuti njiani tunapahitaji zaidi.

Kwa hiyo tafuta kwanza kiwanja. Kinaweza kuwa chako, cha mzazi, au cha kukodi kwa mkataba wa maandishi. Kiwe na ardhi ngumu isiyogeuka tope wakati wa masika, kwa maana kosta iliyojaa vitu ikizama Aprili huenda ikatoka Juni. Kiwe na njia ambayo gari la urefu wa meta 7 linaweza kugeuka bila kuomba radhi kwa majirani kila siku. Kivuli ni kizuri, ila usiegeshe chini ya mnazi kwa hali yoyote, na kama ni mwembe, kumbuka kwamba majira ya embe yakifika utalala ukisikia bati likipigwa usiku kucha, na paneli ya sola haitapata jua wala haitasalimika.

Ukishapata mahali, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ujitambulishe na familia yako, uandikishwe kwenye daftari la wakazi, na umweleze kwa uwazi kwamba mtaishi ndani ya gari. Jambo hili linaonekana dogo, lakini barua ya mwenyekiti ndiyo itakayokusaidia benki, shuleni na kituo cha afya, na ndiyo itakayowatuliza majirani ambao hawajapata kuona watu wazima wenye akili zao wakilala kwenye basi kwa hiari. Mama mkwe wangu alipoletwa kuona aliizunguka kosta mara mbili, akaniuliza, "Baba, wajukuu zangu watalala humu kama abiria walioharibikiwa na gari?" Sikumjibu siku ile. Nilimwonyesha choo, bomba na uzio, naye akaketi.

Shule ndiyo inayopanga safari

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na maandishi ya Wamarekani. Kwao, kumsomesha mtoto nyumbani kunaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50, na kwa hiyo familia inaweza kusafiri miezi kumi na miwili bila mtoto kuingia darasani. Kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikisha umri wa miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na mzazi anayemwacha mtoto wake awe mtoro anaweza kushitakiwa. Sikushauri ujaribu kuizunguka sheria hiyo. Kwanza utajipatia ugomvi usio na faida, pili mtoto anahitaji wenzake wa kucheza nao kuliko anavyohitaji kuona bahari kutoka dirishani kila asubuhi.

Kinachowezekana, na ndicho tunachokifanya sisi, ni kuishi garini muda wote bila kusafiri muda wote. Watoto wameandikishwa shule iliyo karibu na kiwanja, gari limesimama muda wote wa masomo, na safari ndefu zinasubiri likizo za Juni na Desemba. Likizo fupi za katikati ya muhula zinatosha kwenda Pangani au Amani na kurudi. Wale wenye watoto ambao hawajafikia umri wa shule wana uhuru zaidi, lakini hata wao wasisahau kadi za kliniki: chanjo zina tarehe zake, na kadi hiyo isafiri pamoja na mtoto ili kituo chochote cha afya kiweze kuendeleza pale kingine kilipoishia. Kadi za bima ya afya nazo zikae kwenye mfuko mmoja, karibu na dereva.

Kuchagua gari lenyewe

Usishawishike kuagiza gari la kuishi lililotengenezwa Marekani, hata likiwa la bei ya kutupa. Usukani wake uko kushoto, vifaa vyake vya ndani vimetengenezwa kwa umeme wa volti 120 ilhali wetu ni wa volti 230, na mlango wa kuingilia nyumbani uko ubavu wa kulia, kwa kuwa wao huendesha upande wa kulia wa barabara. Ukisimama pembeni mwa barabara ya Segera, mtoto wako atafungua mlango na kushukia katikati ya njia ya malori. Sababu hiyo ya mwisho peke yake inatosha.

Kosta iliyotoka Japani ina mlango upande wa kushoto, mafundi wanaoijua wamejaa kila mji, na spea zake hukosi. Nyingi tulizonazo zina injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo. Ni injini ya pole, inayopanda mlima kwa subira, lakini haina mambo mengi ya kompyuta, na fundi wa Korogwe ataielewa sawasawa na fundi wa Dar es Salaam. Kwa mwendo wa kistaarabu, tegemea kilomita 6 hadi 8 kwa lita moja. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, safari ya takribani kilomita 350, weka hesabu ya lita 50, na uangalie bei elekezi ya EWURA inayotangazwa kila mwezi kabla ya kupanga fedha za likizo.

Ukienda kuikagua, fika alfajiri, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini ya dizeli iliyochoka huficha maradhi yake ikishapata moto. Ikiwa baridi itakuambia yote. Tazama moshi wa kwanza: ukiwa mweupe na usiokoma, au wa bluu wenye harufu ya oili, punguza bei au uondoke. Kisha iendeshe mpaka Muheza na kurudi huku ukiangalia mshale wa joto, na ukirudi chungulia tena chini kama kuna oili au maji yanayovuja.

Kutu ndiyo adui mkubwa kuliko injini, hasa kwa gari lililofanya kazi Pwani. Injini hununuliwa nyingine, lakini bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu. Chukua bisibisi, inua zulia la sakafu, na ugonge taratibu kuzunguka matao ya magurudumu, chini ya milango, kwenye pembe za madirisha na kwenye ngazi. Bati zima hulia. Lililooza hunyamaza au hutoboka. Mimi niliamini rangi mpya iliyokuwa imepigwa vizuri sana, na nilipong'oa viti niliona barabara kupitia sakafu. Nilitumia miezi miwili na fundi wa kuchomelea kabla ya kupigilia ubao wa kwanza.

Fedha zako zote zisiishie kwenye ununuzi. Kanuni yangu, ambayo nimeipata kwa kuivunja, ni kwamba theluthi moja ya fedha inunue gari, theluthi nyingine ilitengeneze, na iliyobaki iwe ya ujenzi wa ndani pamoja na mambo usiyoyajua bado. Atakayeniambia kwamba kosta yake haikuhitaji theluthi ya pili, nitamwombea heri.

Kuhusu karatasi, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi ya gari, hakikisha hakuna deni la faini za barabarani, na ukamilishe kuhamisha umiliki TRA kabla hujalipa fedha yote. Kosta nyingi zimesajiliwa kwa biashara ya abiria. Fuata utaratibu wa kubadilisha matumizi yake kuwa ya binafsi kabla hujakata kiti hata kimoja, kwa sababu askari atakayekusimamisha ataona basi ambalo kadi yake inasema jambo moja na tumbo lake linasema jingine. Hakikisha pia daraja la leseni yako linakuruhusu kuendesha gari la uzito huo. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, lakini humlipa yule uliyemgonga tu. Kwa kuwa gari hili ndilo nyumba yako na kabati lako la nguo, ni afadhali kukata bima kubwa, na umweleze wakala kwa maandishi kwamba ndani kuna makazi.

Uzito, joto na mahali pa kulala

Kabla ya kumwita seremala, fanya hesabu ya uzito. Kosta ya abiria 28, kwa wastani wa kilo 60 kwa mtu, ilitengenezwa kubeba takribani kilo 1,680 za watu, mbali na viti vyenyewe. Huo ndio mfuko wako, na kila kitu unachoingiza kinatoka humo: familia, maji, betri, mbao, magodoro, vyombo, mchele. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 limekula kilo 200 hata kabla ya kumimina mafuta ya kupikia. Kwa sababu hiyo usitumie mninga, wala mtiki wa Longuza uliojaa kwa wauza mbao wetu, japokuwa ni mbao nzuri zinazodumu. Tumia paina na plaiwudi nyembamba, na kiunzi cha alminiamu pale inapowezekana. Vitu vizito vikae chini na katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na uzito ugawanywe sawa kulia na kushoto. Gari lililoegemea upande mmoja hula matairi, na kwenye kona hulemea upande huo huo.

Acha viti vinavyotosha familia yote, vinavyotazama mbele, vilivyofungwa kwa bolti kwenye sakafu na vyenye mikanda. Nimeona kosta zilizojengwa kwa ustadi mkubwa ambamo watoto husafiri wakiwa wamelala kitandani. Siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu, mtoto huyo atarushwa mpaka kwenye kioo cha mbele. Sisi tuliacha viti sita, na viwili kati yake jioni hugeuzwa kuwa meza ya chakula na ya kuandikia kazi za shule.

Kitanda cha wazazi hukaa vizuri nyuma, kikiwa kimelazwa kwa upana wa gari, ikiwa hamzidi kimo cha sentimeta 180 au hivi. Mrefu zaidi ya hapo akilaze kwa urefu wa gari. Watoto wapewe vitanda vya ghorofa vya upana wa sentimeta 70, chenye dirisha lake kila kimoja na pazia lake kila kimoja. Pazia ni jambo la msingi. Katika nyumba ya meta 7 mtoto wa miaka 12 anahitaji mahali ambapo akivuta kitambaa anakuwa ameondoka, na wenzake wafundishwe kwamba pazia likivutwa, mlango umefungwa.

Joto ndilo litakaloamua kama mtadumu. Bati la kosta likipigwa na jua la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndani panakuwa tanuri. Paka paa rangi nyeupe, weka tabaka la sponji ngumu au styrofoamu kati ya bati na dari, na utoboe tundu la feni juu ya paa ili hewa ya moto itoke. Lililo bora kuliko yote hayo halina gharama: egesha gari pua yake ikiwa imeelekea mashariki au magharibi. Hapo jua la asubuhi na la jioni litapiga upande mwembamba, na madirisha marefu ya ubavuni yatatazama kaskazini na kusini, kule ambako pepo za kaskazi na za kusi hutoka kwa zamu. Sisi tuliishi miezi mitatu tukiwa tumeegesha kinyume, tukilaumu feni.

Kisha jenga baraza. Nyumba ya Kiswahili bila baraza haijakamilika, na kosta ni hivyo hivyo: nusu ya maisha yenu yatakuwa nje. Turubai la meta 3 kwa 4 lililofungwa kwenye reli ya ubavuni, mkeka, benchi mbili na ndoo ya kunawia miguu, vyote vikiwa upande wa mlango, vinaongeza nyumba kwa gharama ndogo kuliko kabati lolote. Wageni hupokelewa hapo, mchele huchaguliwa hapo, na mchana wa Februari hakuna atakayekubali kuketi ndani hata umlipe. Madirisha yote yawekewe wavu wa mbu unaobana vizuri, na chandarua kiwepo juu ya kila kitanda, kwa maana malaria haitambui kwamba mmehama.

Umeme, maji na moto

Umeme wa sola usinunuliwe kwa kukisia. Orodhesha kila kifaa, zidisha wati zake kwa saa za matumizi, kisha ujumlishe. Friji yetu ndogo hula wati-saa 500 hivi kwa siku, feni mbili 400, taa 100, simu na kompyuta 150. Jumla ni 1,150. Tukichukua saa nne na nusu za jua kamili kwa siku na kukubali kwamba robo ya nguvu hupotea njiani, tunahitaji paneli za wati 340 hivi, na tumefunga za wati 400. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100 hubeba takribani wati-saa 2,500, nasi hatuichoti zaidi ya asilimia 80. Hiyo inatuvusha karibu siku mbili za mawingu. Anayenunua betri ya jeli kwa sababu ya bei aelewe kwamba ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo betri ya ukubwa uleule humpa nusu tu ya anacholipia.

Kosta nyingi za dizeli zilizotoka Japani hutumia volti 24, na kifaa cha volti 12 ukikiunganisha moja kwa moja kitaungua. Betri ya nyumba itenganishwe na ile ya kuwashia gari, ili sherehe ya jioni isiwazuie kuondoka asubuhi. Waya ndio hasa unaohitaji jicho lako. Fundi mmoja alitufungia inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ya wati 1,000 kwa waya wa milimita 4 za mraba kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Inveta hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta zaidi ya ampea 40, na siku mke wangu alipowasha blenda na pasi pamoja, ganda la waya lililainika kama mshumaa. Sasa upo wa milimita 16, mfupi, wenye fyuzi karibu kabisa na betri, na pasi inasubiri mkaa. Paneli zifungwe zikiwa zimeinuliwa sentimeta 5 kutoka kwenye paa ili hewa ipite, kwani sola ya moto hutoa umeme pungufu, na nafasi hiyo pia hulipa paa kivuli.

Kuhusu maji, watu watano wanaojua kuoga kwa kata hutumia kama lita 100 kwa siku. Tangi letu ni la lita 120, limefungwa chini katikati ya gari, na madumu mawili ya lita 20 hubeba maji ya kunywa peke yake, ambayo huchemshwa au kutiwa vidonge vya klorini tunapokuwa safarini. Maji ya sabuni yakusanywe kwenye ndoo na yamwagwe kwenye mgomba. Usioshe gari wala vyombo mtoni, hasa Mto Zigi, kwa kuwa ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na mji mzima wa Tanga unakunywa humo.

Choo cha safarini kisikutishe. Kiti chenye ndoo mbili, moja ya haja ndogo na nyingine ya haja kubwa inayofunikwa kwa vumbi la mbao kila baada ya matumizi, hakitoi harufu kama haja hizo mbili hazikuchanganyika. Vumbi hilo hupatikana bure kwa maseremala. Kikijaa kimwagwe kwenye choo cha shimo, pale kiwanjani au kwa ruhusa ya mwenyeji mnakolala. Sisi hukitumia usiku na njiani tu.

Katika habari ya moto sitaki mjadala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia sakafuni ikisubiri cheche. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kisanduku kinachofunguka nje, chenye matundu chini, na koki yake ifungwe kila mkimaliza kupika na kila kabla ya gari kuondoka. Jaribu maungio kwa povu la sabuni, usijaribu kwa kiberiti. Jiko la mkaa halipandi garini hata likiwa limebaki majivu, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Kizima moto kimoja kiwe karibu na dereva na kingine karibu na kitanda, na mlango wa dharura wa nyuma usizibwe na kabati. Watoto wafundishwe kuufungua gizani, tena mara kwa mara, mpaka waone kama mchezo.

Kuhama kwa hatua

Msirudishe funguo za nyumba ya kupanga siku mliyomaliza kujenga. Hapa kwetu kodi hulipwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka, kwa hiyo pangeni ujenzi umalizike kodi ikiwa bado na miezi miwili au mitatu, na muda huo uwe wa majaribio. Anzeni kulala garini wikiendi, pale pale kiwanjani. Kisha wiki nzima ya shule, ikiwa na sare za kufua, daftari za kutafuta na mvua moja kubwa angalau. Mvua itawaonyesha kila tundu la paa bila kuwaficha.

Safari ya kwanza iwe fupi. Pangani ni kilomita zisizozidi 50, na mtapita Tongoni, ambako watoto wanaweza kushuka kuona magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Fungeni kila kabati kwa kitasa kinachobana. Safari yetu ya kwanza iliishia na unga wa kilo 5 juu ya viti vyote sita. Msiingize kosta kwenye mchanga wa ufukweni, kwani inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu na ni nzito, na wakati wa bamvua maji yatafika pale ambapo jana palikuwa pakavu. Mkitaka kulala kijijini, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji jua likiwa bado juu, mkajitambulishe na kuomba mahali. Hatujawahi kunyimwa, na mara nyingi tumeonyeshwa pazuri kuliko tulipokuwa tumepakusudia.

Milima iachwe hadi gari limezoeleka. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takribani kilomita 33 za kona nyembamba, zinazopanda hadi karibu meta 1,400. Pandeni asubuhi, bila kujaza tangi la maji, na katika kushuka tumieni gia ile ile nzito mliyopandia, maana breki za gari lililobeba nyumba zikipata moto hazisikii. Baridi ya Lushoto ya mwezi Juni pia itahitaji mablanketi ambayo mkazi wa Tanga hana, na ambayo yana uzito wake katika ile hesabu ya kilo 1,680.

Baada ya kila safari, andikeni kila mtu kitu kimoja alichokosa na kimoja kilichobebwa bila kutumika. Sisi tulishusha televisheni, kabati moja na sufuria nne kubwa. Tukaongeza feni ya pili na kamba ya kuanikia. Daftari hilo likimaliza safari mbili mfululizo bila kuandikwa jambo linalohusu usalama, maji au usingizi wa watoto, mpigieni simu mwenye nyumba, mmweleze kwamba hamtaongeza kodi. Juni ndio mwezi unaofaa kuhama: masika imekwisha, ardhi imekauka, shule zimefungwa, na kusi linavuma moja kwa moja kwenye madirisha ya ubavuni.